Tangi na paipu mpya za Speedster ya kuigiza, Malindi: ghali, polepole, lakini harufu imekwisha

Nianze na bei, maana kila aliyeliona gari tangu litoke kwa fundi ananiuliza hilo kwanza. Shilingi 91,000. Tangi la alumini 34,000, paipu 9,500, mipira na klipu 7,200, pampu na vifaa vyake 18,300, na ufundi 22,000. Hesabu aliniandikia kwenye karatasi ya daftari la shule, kila kitu na bei yake, nami nikamlipa kwa M-Pesa kwa awamu mbili. Mume wangu kasema pesa hizo zingenunua bodaboda iliyotumika, ituletee riziki kila siku. Sikumjibu, maana kwa hesabu tu yuko sawa.

Jina la fundi siliweki hapa, kaniomba mwenyewe. Hana bango, hana ukurasa Facebook, na gereji yake ukipita huwezi kuijua kuwa ni gereji, kwa sababu kazi yake hasa ni boti. Ukifika zinapopandishwa boti za uvuvi kutengenezwa, uliza fundi wa alumini. Wavuvi wote wanamjua. Ni Mbajuni, mtu mzima, mimi humwita Ami.

Gari lenyewe si Porsche, nawaambia mapema msije mkanisuta. Speedster ya kweli, ile 356, ilitoka mwaka 1954 kwa sababu Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, alishikilia kwamba Wamarekani wanataka gari la wazi lisilo na makorombwezo, bei chini ya dola 3,000. Siku hizi ukiwa nayo unaweza kuibadilisha na jumba la Casuarina, bustani na bwawa la kuogelea juu yake. Langu ni bodi ya faibaglasi iliyovalishwa chesisi ya Volkswagen Beetle, injini 1600 ya kupozwa kwa hewa ikiwa nyuma, na liliachwa na Mtaliano aliyefunga nyumba yake akarudi kwao. Rangi ya maziwa, viti vyekundu. Mimi ni mpambaji wa maharusi, kwa hiyo gari hili ni sehemu ya kazi: nalikodisha siku ya harusi. Ni la watu wawili tu. Bwana harusi aendeshe mwenyewe, bibi harusi akae kando yake, somo na mashangazi wafuate nyuma kwa tuktuk.

Tatizo lilikuwa harufu. Kwenye Beetle tangi liko mbele, chini ya bonneti, na nyuma yake kuna ukuta mwembamba tu kisha miguu ya abiria. Kwa hiyo tangi au mpira ukianza kuvuja, harufu haina pa kwenda ila mapajani mwa bibi harusi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia sakafuni, pale pale kanzu na buibui zinapofagia. Sasa fikiria mwanamke kafukizwa udi tangu usiku, kavikwa kikuba cha asumini na rehani, kapakwa marashi, halafu anashuka mlangoni mwa ukumbi na mama mkwe anamkaribia kumbusu. Wifi mtu alinivuta kando akaninong'oneza: "Shoga, bibi harusi ananuka sheli." Siku hiyo nilirudisha nusu ya pesa bila kuombwa.

Kabla ya Ami nilikwenda kwa fundi mmoja wa mjini, naye sitamtaja. Alikuta ufa kwenye mshono wa tangi, akausugua kwa sabuni ya kipande. Hii ni mbinu ya zamani na inafanya kazi kweli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, ila ni ya kukufikisha nyumbani tu. Yeye akaichukulia kama matengenezo, akapaka gundi juu yake, akanitoza na kuniambia gari limepona. Mvua ya kwanza ikaja, sabuni na maji mnajua wanavyopatana.

Kwa Ami jambo la kwanza lililonifurahisha ni kwamba hakukimbilia tangi. Alifungua bonneti akaacha gari lipunge upepo kwanza, akakataza mtu yeyote kuwasha sigara, akachukua tochi na kuanza kunusa kutoka mbele mpaka nyuma, kila kiungo. Kisha akachomoa kipande cha mpira kilichokuwa kati ya paipu na kabureta, kimevishwa uzi wa pamba kama ile ya asili ya Kijerumani. Kwa nje kilikuwa safi kabisa. Akakilaza juu ya ubao na kukipasua kwa wembe urefu wake wote, akakikunjua kwa vidole gumba viwili. Ndani mpira ulikuwa umekauka na kujaa mipasuko myembamba, na chembe nyeusi zikamgandia kidoleni. "Mwanangu," akasema, "hizi ndizo zinazoziba kabureta yako. Na huu uzi wa nje unakuficha usione." Mpira ule uko juu ya injini ya moto, sentimita chache kutoka distribyuta inayotoa cheche. Beetle nyingi duniani zimeungua kwa njia hiyo hiyo, na bodi ya faibaglasi ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya mchanga.

Halafu akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya nimwachie kazi: "Hii ni mashua hii. Fiba, chumvi na petroli. Mafundi wa magari wanaitengeneza kama gari la chuma."

Na kazi yote aliyoifanya imetoka kwenye fikra hiyo. Tangi la zamani la chuma lilikuwa limeliwa na kutu kwa chini, upande uliokalia ukanda wa zulia. Zulia hunyonya maji ya chumvi na kuyakumbatia. Nilidhani ataliziba kwa kuchomea, akakataa katakata. Tangi lililowahi kuwa na petroli, hata likiwa tupu miaka, mvuke uliobaki ndani ukikutana na moto wa kuchomea hulipuka, naye kawahi kuona. Akapima nafasi, akakata kigezo cha kadibodi, kisha akatengeneza jipya kwa bati la alumini la milimita 3, likachomewa kwa gesi ya argoni. Ndani ameweka kuta mbili zenye matundu ili mafuta yasiruke upande mmoja gari likikata kona au likifunga breki. Chini kuna kidimbwi kidogo chenye koki ya kutolea maji, maana hapa kwetu unyevunyevu ukigeuka maji ndani ya tangi hukaa chini.

Kabla ya kulifunga garini aliziba matundu yote, akalitia upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kwa brashi ya rangi kwenye kila mshono. Aliniita nitazame. Mishono ilikuwa imetulia, kisha pembeni mwa tundu la kutolea mafuta pakaota kipovu kimoja, kikakua taratibu kama lulu, kikapasuka, kikaota kingine. Akalifuta, akalichomea tena mahali pale, akaanza kupima upya kutoka mwanzo. Hapo tu nilijua 34,000 haijapotea.

Alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo tangi limekalia vipande vya mpira usionyonya maji, na mikanda inayolishikilia ni ya chuma kisichoshika kutu, nayo imewekewa mpira chini yake. Hakuna mahali alumini inapogusa chuma moja kwa moja. Nimeshauriwa nimwagie maji baridi ya bomba pale mbele kila baada ya kuendesha kandokando ya bahari, na nafanya hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kulisikia popote, na wenye magari ya faibaglasi nawaomba mlisome mara mbili. Petroli inapopita kwenye mpira wa kujazia pale sheli hujenga umeme tuli. Kwenye gari la chuma, mdomo wa tangi, bodi na chesisi vimeshikana, umeme huo una njia ya kupita. Kwenye langu, tangi lilikuwa limening'inia ndani ya faibaglasi ambayo haipitishi umeme, na mdomo wa kujazia umeunganishwa kwa mpira. Yaani mdomo wa chuma ulikuwa peke yake, unangoja bomba la sheli liuguse. Ami ameunganisha mdomo, tangi na chesisi kwa waya mmoja wa athi, skrubu zimekwanguliwa rangi chini yake na kupakwa grisi. Waya wenyewe haufiki shilingi 300.

Tundu la kupumulia nalo lilikuwa kichekesho. Lilikuwa na kimpira kifupi kilichoishia hapo hapo chini ya bonneti. Jua la Malindi likipiga, gari likingoja nje ya ukumbi, petroli inapata joto na tangi linapumua ndani ya gari. Kumbe hata lisingevuja tone, lingenuka. Sasa mpira wa kupumulia unapanda juu ya tangi, unapita kwenye vali inayojifunga gari likipinduka, kisha unashuka na kutokea chini ya gari nje kabisa.

Paipu ya kupeleka mafuta nyuma kwenye Beetle inapita ndani ya handaki la katikati ya sakafu, pamoja na waya wa klachi na wa eksileta. Huioni, huigusi, ikiliwa na kutu unagundua kwa harufu. Mafundi wengi huiacha hiyo na kupitisha mpya nje chini ya gari, kazi ya saa moja. Ami alikataa kwa sababu ya mawe ya matumbawe na matuta yetu. Alifungua kile kifuniko kidogo cha handaki kilicho nyuma ya viti, akapenyeza paipu mpya ya aloi ya shaba na nikeli, milimita 8, kipande kimoja bila kiungo chochote ndani. Aliniambia shaba tupu ingekuwa nafuu, ila ikitikiswa sana huwa ngumu na kupasuka. Hii ya nikeli hupindika kwa mkono na chumvi haiiwezi. Inapoingia na kutokea kaiwekea pete za mpira isikwaruzwe na bati.

Kuhusu mipira nilibishana naye, kwa sababu dukani nilipata ya shilingi 250 kwa mita naye anataka ya 900. Hakunijibu. Alikata kipande cha kila mmoja, akavitumbukiza kwenye chupa mbili za jemu zenye petroli, akafunga vifuniko, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake ule wangu umevimba, laini kama umechemshwa, na petroli imegeuka rangi ya chai ya rangi. Ule wake uko vile vile. Tangu hapo nimejua kutazama maandishi: mpira mzuri umeandikwa SAE J30R9 ubavuni, wenye utando wa ndani unaozuia hata mvuke kupenya. Mpira wa bei rahisi unaweza usivuje tone na bado ukanukisha gari. Ule wa plastiki wa kuonyesha ndani, wa bodaboda, hakutaka hata kuuona. Klipu nazo ni zile za kubana pande zote sawasawa, zisizo na meno yanayokata mpira.

Pampu ya umeme ilikuwapo, aliyeifunga zamani kaiweka nyuma, juu, karibu na injini. Pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta, na pale juu zinapikwa na joto. Ndiyo sababu gari lilikuwa linagoma kuwaka adhuhuri baada ya kungoja maharusi, kamera ya video ikiwa imewashwa na wapiga tarumbeta wameshika pumzi. Mafuta yanageuka mvuke ndani ya mpira na pampu inavuta hewa. Sasa iko mbele, chini ya usawa wa tangi, filta kabla yake. Zamani filta ilining'inia juu ya distribyuta. Baada ya pampu kuna regulata, ya kupunguza msukumo wa mafuta, iliyowekwa pauni 3, kwa sababu kabureta hizi zikisukumwa zaidi ya hapo sindano ya boya inayofunga mafuta inashindwa na petroli inamwagika. Na kuna swichi ya mshtuko aliyoitoa kwenye Land Rover iliyokufa: gari likigonga, inakata yenyewe umeme wa pampu. Aliijaribu mbele yangu. Pampu inalia tik-tik-tik, akaipiga swichi kwa kiganja, kimya.

Sasa lawama.

Ucheleweshaji. Aliniambia wiki, gari likakaa hadi nikaanza kukataa kazi. Nilipeleka kaskazi imeanza, na kaskazi boti zote za kupeleka watalii kuvua samaki wakubwa ziko majini, kila nahodha anataka lake leo. Boti likiingia na tatizo, gari langu linasukumwa kando na kufunikwa turubai. Hakuwahi kunidanganya kuwa kesho litakuwa tayari, hilo nampa, ila pia hakuwahi kunipigia simu. Peleka wakati wa kusi, bahari ikichafuka na boti zikiwa juu. Utampata ametulia na ana muda wa kukuelezea.

Geji ya mafuta ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Kaweka boya la kupimia la boti, la mfumo wa Marekani, ambalo likiwa tupu linasoma omu 240 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na likijaa 33. Geji ya Volkswagen inataka 73 kwa tupu na 10 kwa kujaa. Matokeo yake, tangi limejaa pomoni na sindano inasimama katikati. Likifika nusu, geji inasema limekwisha. Ami anasema boya ni zima na geji ni nzima, na kweli vyote ni vizima, tatizo haviongei lugha moja. Ameahidi kunitafutia boya linalolingana. Kwa sasa natumia ufito niliotia alama kwa kisu, na ninapolikodisha gari naukabidhi pamoja na ufunguo, bwana harusi ananitazama kana kwamba namchezea.

Tangi jipya pia linachukua lita 36, pungufu kidogo ya lile la zamani, na umbo lake la pembe limekula ile nafasi ya mbele nilipokuwa naweka maua ya akiba na vitambaa. Tik-tik ya pampu inasikika ukikaa kimya, ingawa ndani ya harusi ya Malindi sijui ni nani atakaa kimya.

Baada ya kulichukua nililipeleka Mambrui, nikavuka daraja la Sabaki, nikarudi jua la saa saba, nikalizima nikaliacha juani makusudi, nikaliwasha. Likashika mara moja. Usiku nililifungia bandani, asubuhi nikafungua bonneti na kuingiza kichwa chote. Harufu ya mpira mpya, basi. Nimeshapeleka bibi harusi nalo, na mama mkwe wake alimbusu mashavu yote mawili akauliza udi ule kanunua wapi.

Nani aende? Mwenye gari la kuigiza la faibaglasi, na nyie wenye bagi za ufukweni kule Watamu zilizojengwa juu ya chesisi za Beetle, maana matatizo yenu ni haya haya. Mwenye Beetle ya chuma yenye tangi zima asijitie gharama ya alumini. Nilimwona Ami akimrudisha mtu wa namna hiyo, kamuuzia mipira na klipu tu na kumwonyesha jinsi ya kufunga mwenyewe. Mipira 7,200, kazi ya asubuhi moja.

Ukienda, enda mapema kabla hajashuka majini, na gari liwe na mafuta kidogo sana, kwa sababu lenye tangi lililojaa halipokei. Na kabla hajakata bati hata moja, mwambie geji yako ni ya aina gani.